Mwalimu Theonest na Hesabu Aliyoiacha Mezani

Ndugu Afisa Elimu wa Wilaya, uliyekuja kwetu leo kwa barabara ambayo naijua vizuri kwa sababu niliilima kwa sululu, Ndugu Katibu wa Tawi la Chama, Mzee Methusela, Mwenyekiti wa kijiji chetu, Baba Padri, Mwalimu Mkuu na walimu wote, Mama Eustakia, uliyemzaa huyu tunayemuaga, wazee wa Murusagamba, shikamooni, wenzangu wa darasa la watu wazima, wanafunzi, na ninyi wageni wa Kibimba na Bugarama, ambao wengine wenu mmeletwa na upendo kwa mwalimu na wengine mmeletwa na sifa za pombe ya ndizi ya Desderius: nawasalimu wote, kila mtu kwa heshima yake.

Mimi naitwa Nyanda, mwana wa Luhende. Kwetu ni Shinyanga, kwenye nchi tambarare, ambako mtu akikuambia nyumba yake ni ile pale, unaiona. Nilikuja huku kwenye vilima vyenu na kambi ya barabara. Kambi ikahama, mimi nikaachwa kuziba mashimo, na mashimo hayajaisha mpaka leo. Utotoni nilisoma hadi darasa la pili, kisha nikapewa ng'ombe wa kuchunga. Kwa hiyo nikikosea maneno leo mnisamehe, na mwalimu anayeagwa asamehewe pia, kwa sababu Kiswahili changu cha kuandika amenifundisha yeye.

Mtauliza, kwa nini kijiji chenye wasemaji wengi hivi kimemsimamisha kibarua? Halmashauri iliniambia kwamba nina sauti kubwa. Hiyo ndiyo sababu niliyopewa. Nadhani iko nyingine ambayo sikupewa, kwamba mimi ni mtu wa kuja, sina ukoo hapa, na nikisema vibaya hakuna nyumba itakayoona aibu.

Wageni wetu nisiwafiche jambo. Shughuli hii inaitwa ya kuaga, lakini bado haijajulikana kama tunaaga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimemwita Mwalimu Theonest arudi kumaliza kazi yake ya utafiti aliyoiacha. Yeye hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema kijiji kiamue. Na wewe, Ndugu Afisa Elimu, umetuambia hapa hapa, kabla hatujaketi, kwamba kijiji kikitaka abaki, utalipeleka ombi letu kwa wakubwa na huenda likakubaliwa. Basi neno liko mkononi mwetu leo, na halmashauri imenipa mimi kazi ya kulisema. Nimeagizwa nimwombe abaki. Jana nilimwuliza Desderius atafanya nini na pombe yote hiyo kama mwalimu haondoki. Akaniambia, "Nyanda, pombe haijui kuaga wala kukaribisha. Imeiva tu."

Nitafika kwenye neno hilo. Lakini huwezi kumwomba mtu kitu kikubwa kabla hujasema yeye ni nani.

Mwalimu Theonest alikuja mwaka ule wa kuhamia vijijini. Alikuja likizo, amevaa viatu vya mjini, awasaidie wazazi wake kubomoa nyumba ya kule mlimani na kuijenga upya hapa. Baba yake alikuwa anaumwa, akafariki kabla paa halijaezekwa. Mwalimu akaezeka mwenyewe. Aliezeka vibaya, na mvua ya kwanza ilimpata Mama Eustakia kitandani. Akaezeka tena. Wakati huo shule haikuwa na mtu wa hesabu za darasa la saba, na Mwalimu Mkuu akamwomba ashike darasa kwa muhula mmoja. Wanafunzi walioanza naye muhula huo, wengine leo ni walimu wenyewe. Verediana yule pale, aliyesomea ualimu hapa hapa kijijini, alikuwa binti aliyelia kila alipoona sehemu za namba.

Sisemi kwamba ni malaika. Mwalimu huyu ni mkali. Akifikiri jambo lake anaweza kupita mbele yako usiku na mchana bila kukusalimu, na hapa kwenu hilo ni kosa kubwa. Maharage ameunguza mara nyingi kuliko alivyoyaivisha. Lakini jioni, baada ya kazi za shamba la kijiji, aliingia kwenye darasa letu la watu wazima, lenye watu wanaonuka jasho na wengine wanaosinzia, akafundisha kama anafundisha mawaziri. Hakuwahi kutuambia kwamba jambo fulani ni kubwa mno kwetu. Mtu kama mimi, niliyezoea kuonyeshwa shimo na kuambiwa ziba, nani alikuwa amewahi kuniuliza ninafikiri nini?

Vita ilipokuja mnakumbuka yaliyotokea. Magari yalikwenda kaskazini, ng'ombe na mihogo vikakusanywa, vijana wa mgambo wakaondoka, na Faustini wa hapa akaenda nao akimwacha mke wake Domisiana mjamzito. Siku hizo baadhi ya wazee walimfuata mwalimu kwa siri. Walikuwa wamesikia kwamba alisomea mambo ya atomi. Wakamwambia kwa upole kabisa, mwanetu, wewe si ndiye unayejua hilo bomu, huwezi kututengenezea hata dogo tukampelekea yule nduli? Mzee Methusela, naona unacheka, na wewe ulikuwemo. Mwalimu aliwajibu, "Wazee wangu, mimi sikusomea kinacholipua. Nimesomea kinachoshikilia." Wakaondoka wamenyong'onyea, wakisema serikali imepoteza fedha bure.

Kinachoshikilia ni nini? Hilo nililielewa siku ya machela, na ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Domisiana alishikwa na uchungu, na mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, lazima hospitali ya misheni. Gari hakuna. Wenyeji mna desturi yenu: mgonjwa hubebwa kwenye ingobyi, ile machela ya kusukwa, na wabebaji hutoka kilima kimoja, watu waliolima pamoja na kunywa pamoja, ambao miguu yao imezoeana. Lakini watu wa kilima cha Faustini walikuwa vitani. Waliobaki walikuwa wazee na sisi watu wa mchanganyiko. Basi tukafanya jambo lililoonekana la akili. Tulichagua wenye nguvu, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua maksai mnadani. Mimi Msukuma wa sululu. Xavery Mhaya, mfyatua matofali. Desderius, ambaye mapipa yake mnayajua. Na mwalimu, ambaye hakuwa na nguvu kubwa lakini alikuwa mrefu, na hakukubali kubaki. Tulisema, hawa wanne wakiwekwa pamoja, mgonjwa atafika kama ameruka.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Tulipoanza kuteremka kuelekea kijito, machela ikaanza kuyumba. Mimi niko nyuma kulia, nikaona inaenda kushoto, nikavuta kwangu kwa nguvu zote ili kumwokoa mama wa watu. Xavery akaona inakwenda kwangu, akavuta kwake. Desderius kule mbele akasikia mtikisiko, naye akakaza. Kila mmoja alikuwa anarekebisha alichofanya mwenzake. Ikayumba zaidi. Tukatukanana kwa lugha nne. Desderius akaniambia nimezoea kusukuma ng'ombe kwa nyuma, nijue huyu ni mtu. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine korongo. Nilidhani tunamwua.

Ndipo Domisiana akasema kutoka ndani ya machela, kwa sauti ya mtu aliyechoka na watu wazima wote duniani: "Ninyi wanaume, kila mmoja ananisaidia, na mimi nitaanguka kwa msaada wenu. Acheni kunisaidia. Tembeeni."

Mwalimu akaanza kucheka. Tulidhani amerukwa na akili. Akasema, mmemsikia, kila mtu akihisi machela imekwenda kombo airudishe kidogo tu, kidogo kuliko moyo wake unavyotaka, halafu aachie. Tukafanya hivyo, tukiwa na hofu. Kutikisika kukapungua, kukapungua tena, kukawa kama pumzi. Tukavuka kijito. Tulifika hospitali, na mtoto ni yule pale kwenye paja la baba yake. Faustini amerudi kutoka vitani na mguu mmoja mzito, lakini amerudi, na amemkuta mtoto.

Siku ya kurudi tulipumzika pale pale kijitoni, nikamwuliza mwalimu alicheka nini. Akachukua kijiti akachora kwenye udongo. Nitayarudia maneno yake jinsi nilivyoyashika, na akinisahihisha leo mbele yenu nitashukuru.

Alisema, katikati ya kila atomi kuna kiini, na ndani ya kiini kuna chembe zilizosongamana, protoni na nyutroni. Ukichukua chembe mbili tu, ukaziacha mahali patupu, wataalamu wamezipima na wanajua jinsi zinavyovutana. Zikikaribiana mno zinasukumana kwa ukali ambao hesabu ya kawaida haiuwezi. Hiyo akaiita nguvu tupu. Mtu angedhani kwamba ukishawajua wawili unaujua na umati, unajumlisha tu. Si ndivyo tulivyofanya tulipochagua wabebaji? Tulimpima kila mtu akiwa peke yake. Lakini ndani ya kiini, chembe ikitaka kuruka kando inakuta nafasi ina mwenyewe, na sheria ya huko hairuhusu chembe mbili za namna moja kukaa nafasi moja. Kwa hiyo ule ukali unapoa. Tena, wawili wakivutana, wale waliowazunguka wanatikisika, na mtikisiko huo unawarudia wale wawili. Basi nguvu unayoikuta wakiwa ndani ya wengi si ile uliyoipima wakiwa peke yao. Hii ya pili akaiita nguvu ya kazi.

Nikamwuliza, sasa mtu ataandikaje mambo ya chembe zote hizo kwa pamoja? Akasema hawezi, hata mashine za hesabu za Ulaya haziwezi. Kwa hiyo unachagua wachache wa nje. Akanipa mfano wa oksijeni, hii iliyomo kwenye hewa tunayovuta. Iko aina yake moja yenye chembe kumi na sita zilizotulia ndani, na mbili zimezidi juu yake. Unawaandika wale wawili tu. Wale wa ndani huwaandiki, lakini hujawatupa. Unawatia ndani ya nguvu iliyo kati ya wale wawili. Mtu akiitazama vizuri nguvu hiyo, anawakuta wote humo.

Ndugu zangu, hapo nikajifikiria mimi mwenyewe na sululu yangu. Je, nani kati yenu hajawahi kuwa wa ndani? Nani hajawahi kufanya kazi ambayo jina lake halikuandikwa? Barabara hii imefunguliwa kwa hotuba, na majina yaliyosomwa siku ile sikuyajua hata moja. Lakini atakayeipita atapita juu ya migongo yetu, apende asipende. Na huyu bwana aliyesoma alikuwa ananiambia kwamba huko chini kabisa ya vitu vyote, wasioandikwa wanahesabika.

Kisha akasema kuna shida moja. Mtikisiko unahesabiwa kwa hatua. Unaweka sahihisho la kwanza, kisha sahihisho la sahihisho, kisha la hilo tena. Kama kila moja ni dogo kuliko lililotangulia, unafika. Kama linakua, hufiki kamwe, mgonjwa anaangukia korongoni. Nikamwuliza, "Sasa mwalimu, kwenye hiyo hesabu yenu linapungua au linakua?"

Akaniambia, "Sijui, Nyanda. Wakubwa zangu nao hawakubaliani. Kuna mahali imeonyeshwa kwamba linakua, na hilo lilituvunja moyo. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuona njia ya kuyapanga upya, wale wakorofi wa ndani wanaolikuza waandikwe pamoja na wa nje, wasifichwe. Karatasi nimeziacha mezani Dar es Salaam."

Akafuta ule mchoro kwa mguu, tukaondoka. Sikuwahi kumsikia akilalamika, siku ile wala nyingine. Lakini wale mnaopita karibu na shule mmeona ubao wake baada ya wanafunzi kwenda nyumbani. Mmeona ile michoro ya mishale na duara ambayo anaichora na kuifuta. Watoto wanasema anachora samaki. Mimi nilikuwa najua anachora nini, na kila nilipoiona nilikuwa najua kwamba yuko mtu anayengojwa na kazi.

Sasa nimefika kwenye neno nililotumwa.

Mzee Methusela, halmashauri haikukosea kuniagiza. Mwalimu huyu akiondoka tutapungukiwa, na sitaki mtu asimame baadaye aseme hatutapungukiwa. Verediana ni mzuri, lakini si Theonest. Darasa la watu wazima litasinzia zaidi. Mkiniuliza mimi kama Nyanda, ambaye jioni yangu haina mke wala watoto karibu, ina darasa hilo tu, ningependa abaki mpaka nife.

Lakini tazameni tunachofanya. Mwalimu anakaa ili atusaidie sisi. Sisi tunataka kumzuia ili tumsaidie Mama Eustakia asibaki peke yake. Mama Eustakia ananyamaza ili asikiharibie kijiji. Afisa Elimu anajitolea kupeleka ombi ili atusaidie sote. Kila mtu anavuta upande wake kwa moyo mwema. Je, hamkumbuki tuliona wapi jambo hili?

Nilikubali kusimama hapa. Sikuapa nitasema nini. Jana nilikwenda kumpasulia Mama Eustakia kuni. Mimi mama yangu alizikwa Shinyanga nikiwa huku na sululu, na habari ilinifikia kaburi likiwa limekwisha kuota majani, kwa hiyo sikwenda kwake na maneno mepesi. Nilimwuliza anataka nini yeye, kwa sababu niligundua kwamba katika vikao vyote hakuna aliyemwuliza. Akaendelea kuchambua maharage yake. Kisha akasema, na ameniruhusu niyaseme: "Waambie mimi si mgonjwa wa machela. Miguu ninayo. Akibaki kwa ajili yangu, nitakuwa nakula na mtu aliyeketi mezani Dar es Salaam. Aende akaimalize, halafu aje kula."

Mama, nimeyafikisha.

Kwa hiyo, wazee wangu, silisemi lile nililotumwa. Ninaomba kinyume chake. Yule mama aliyekuwa ndani ya machela alituambia sisi wanne, na leo nayarudisha maneno yake kwa kijiji kizima: tuache kumsaidia. Tumwache atembee. Na kama yuko mwenye neno la kumzuia, nitanyamaza hapa ili asimame alitoe.

Nangoja.

Ndugu Afisa Elimu, umesikia kimya hicho. Watu hawa hawanyamazi hivyo hata kanisani, Baba Padri anajua. Mzee Methusela ndiye msemaji wa mwisho, na ningeogopa kumtazama, lakini naona ameinua mkono na kunipungia niendelee. Basi usipeleke ombi lolote. Hilo ndilo neno la Murusagamba.

Mwalimu Theonest, usiiname, inua uso. Utafika kule, na watakupima kama mtu aliyetoka peke yake kijijini, mwenye miaka mingi ya kutosoma vitabu vipya na suruali yenye kiraka. Hesabu yako mwenyewe inasema kipimo hicho ni cha uongo. Hukuwa peke yako, na hutakuwa. Katika kila utakachoandika, sisi ambao hatutaandikwa tutakuwemo: Desderius na matusi yake, Domisiana, darasa la watu wanaosinzia. Sisi nasi, nafasi yako ikiwa wazi, itabidi tuvutane kwa namna nyingine ambayo bado hatuijui. Tutayumba. Tutarudisha kidogo kidogo.

Na jibu ukilipata, kama linapungua au linakua, usilitume kwa wakubwa peke yao. Mimi nitakuwa barabarani. Ukishuka kwenye lori, simama kwenye shimo lolote utakalomwona mtu mwenye sululu, uniambie.

Ndugu Afisa Elimu, Mzee Mwenyekiti, wazee, ndugu na wageni, mmenipa masikio yenu mimi mtu wa kuja, na sina cha kuwarudishia ila shukrani. Asanteni sana kwa kunisikiliza mpaka hapa. Desderius, fungua mapipa, sasa tunaaga.